Shaba ya Makaburi ya Sanga

Nani kwetu asiyeujua msalaba wa shaba? Mwaka 1960 uliwekwa katika bendera ya Katanga iliyojitenga, na mwaka 1961 katika sarafu zake. Makumbusho ya Lubumbashi na ya Tervuren, kule Ubelgiji, yanayo mingi. (Tusikosee: si alama ya Wakristo. Wafua shaba waliimimina kabla mmisionari yeyote hajafika.) Walakini nathubutu kusema ya kuwa si kazi bora ya mafundi wetu.

Iliyo bora imetoka Sanga, kando ya ziwa Kisale. Huko mwaka 1957 Jacques Nenquin alichimbua makaburi ya kale, na mwaka 1974 Pierre de Maret akaendelea. Katika makaburi ya karne ya 10 hata ya 13 wafu walilazwa pamoja na vyungu. Vya mtoto vilikuwa vidogo kwa kadiri ya umri wake. Miilini mna mikufu na bangili za shaba. Utazame mkufu mmoja pasipo haraka! Uzi wa shaba umekunjwa pete kwa pete, kila pete imeishika mwenzake. Na nchi ile ya maziwa haina shaba. Ilitoka kusini, huku kwetu, ikasafiri safari ndefu. Kila kipande kilikuwa na thamani kabla hakijaguswa na fundi.

Misalaba iliingia makaburini baadaye. Kwanza mikubwa, michache, kifuani pa maiti. Halafu midogo, mingi, ya kipimo kimoja, imefungwa mafungu. Ndiyo fedha. Kalibu hurudia kazi yake. Mkono wa mfua mikufu haukuweza kurudia hivyo.

Basi, kuutanguliza msalaba na kuuacha mkufu nyuma, naona ni kumsifu mweka hazina na kumsahau fundi. Tena kadi isemayo tu «shaba, Sanga» yatunyima nusu ya habari: ulivaliwa shingoni au kiunoni, na mtu mzima au na mtoto?

Sisi wa Kisenge twaweza kudanganyika upesi. Wazee wetu waliona manganizi ikipakiwa mabehewani kwenda Lobito, tani kwa tani, na tumezoea kuuliza madini uzito wake tu. Mkufu wa Sanga ukipimwa hivyo si kitu. Mimi ningeuweka peke yake mahali penye mwanga, na karibu yake vile vyungu vilivyozikwa pamoja nao.