Siku ya Kuchuma: Namna ya Kutambua Mboga na Matunda Bora ya Nyumbani

Mwenye bustani ya uani hawezi kushindana na mkulima wa biashara kwa wingi wala kwa bei. Anamshinda kwa jambo moja: yeye ndiye anayechagua siku ya kuchuma. Nyanya ya sokoni huchumwa ingali ngumu ili ivumilie tenga na barabara. Embe huangushwa mapema ili liwahi bei ya mwanzo wa msimu. Mazao ya nyumbani hayana haraka hiyo. Kwa hiyo anayetaka kupima bustani, iwe yake au ya jirani, asihesabu matuta wala asivutwe na ukubwa wa mazao. Atazame kama kila zao limechumwa siku yake, na kama udongo ulilifikisha siku hiyo likiwa na afya.

Anza na mboji

Mboji iliyoiva ni nyeusi au kahawia iliyokolea, humegeka mkononi na hunukia udongo uliopata mvua. Huwezi tena kutambua lipi lilikuwa ganda la ndizi na lipi lilikuwa jani la mwembe. Ukizamisha mkono ndani ya rundo ukakuta joto, au pua ikapigwa na harufu kali ya mkojo, subiri. Samadi mbichi, hasa ya kuku, huunguza miche, na si salama kwa mboga zitakazoliwa bila kupikwa.

Kulima bila mbolea za viwandani hakumzuii mtu kuzidisha samadi. Jani pana, la kijani kilichokolea mno na laini kupita kiasi, mara nyingi limetoka kwenye tuta lililoshibishwa kuliko haja yake. Vidukari hulikimbilia, na likifika sufuriani hunywea likaacha maji mengi na ladha haba.

Mchicha

Mchicha huwa tayari wiki 3 hadi 4 baada ya kupandwa. Shika shina karibu na kilele ulipinde: likivunjika papo hapo bila kuacha nyuzi, umefika wakati wake. Likipinda tu bila kukatika, au ukiona kishada cha maua kinachungulia, umechelewa, kwa sababu mmea umeshaanza kuilisha mbegu na majani yamekomaa. Tundu mbili tatu kwenye jani si kasoro. Kasoro ni jani lililojikunja na kunata upande wa chini, maana hapo wadudu wamepiga kambi. Chuma alfajiri, jani likiwa limejaa maji ya usiku, na ulipike siku hiyo hiyo.

Bamia

Hapa ndipo mkulima wa nyumbani anapojulikana. Bamia huwa tayari siku 4 hadi 6 tu baada ya ua kufunguka, na mvua na jua vikikutana hurefuka usiku mmoja ukashangaa. Iweke bamia kiganjani, shika ncha yake kwa kidole gumba, uisukume. Bamia changa hukatika kwa mlio mdogo mkavu. Iliyopitwa hupinda, na ukiipasua unakuta mbegu ngumu na kamba zisizotafunika. Anayechuma bamia mara moja kwa wiki hula kuni. Anayepita kila baada ya siku moja hula mboga, na mmea wenyewe humlipa kwa kuzaa zaidi.

Nyanya

Usiridhike na wekundu. Nusa pale kikonyo kilipoungana na tunda: nyanya iliyoivia mtini ina harufu kali ya majani yake, na iliyoivia kwenye tenga karibu haina. Kisha ikate kwa upana. Vyumba vya mbegu viwe vimejaa utomvu mzito usioacha mwanya, na kiini chake kisiwe cheupe wala kigumu. Kitako cheusi kilichobonyea huonyesha kwamba maji yalikuja kwa kushtukiza, leo mafuriko, kesho ukame, mmea ukashindwa kusafirisha chokaa hadi kwenye tunda. Dawa ya kuanzia ni kumwagilia kwa kipimo kile kile na kutandaza nyasi kavu chini ya shina. Ukishachuma, usiiweke kwenye friji: baridi huua harufu, na harufu ndiyo nusu ya ladha ya nyanya.

Embe

Rangi hudanganya, maana dodo laweza kuiva likiwa bado na kijani kingi. Tazama mabega. Embe changa lina mabega yanayoteremka kutoka kwenye kikonyo. Lililokomaa mabega yake yamejaa, yamepanda hadi usawa wa kikonyo au kukipita, na mashavu yametuna. Tofauti na mchicha, embe lisichumwe alfajiri. Saa hizo utomvu wake hutoka kwa nguvu na kuunguza ganda. Subiri jua lipande kidogo, acha kipande kifupi cha kikonyo, kisha liinamishe utomvu udondokee chini.

Chunguza pia alama ndogo ya kuchomwa yenye tone la utomvu. Huyo ni inzi wa matunda, ametaga chini ya ganda. Aina iliyosumbua zaidi miembe yetu, yenye asili ya Asia, ilitambuliwa Kenya mwaka 2003 na ikaenea haraka barani. Mwenye mwembe asiyeokota maembe yaliyoanguka anafuga inzi wa mtaa mzima. Yaokote kila siku, uyafunge kwenye mfuko mweusi na kuuacha juani hadi funza wafe.

Embe la njano tupu pande zote lisilo na harufu yoyote huenda limeivishwa kwa kemikali ya kabaidi. Ukilikata, nyama ya karibu na kokwa bado ni nyeupe na chachu.

Msimu

Bustani bora haina kila kitu mwaka mzima. Masika ni ya mchicha, matembele, majani ya kunde na ya maboga. Ukilazimisha nyanya wakati huo, ukungu utaimaliza. Pwani nyanya hupendeza zaidi wakati wa kipupwe, hewa ikiwa kavu na usiku ukipoa. Embe la Desemba halihitaji kusifiwa na mtu. Ukiona bustani ina nyanya nzuri katikati ya mvua kubwa, uliza kwa adabu zimepigwa dawa mara ngapi.

Kwa yale usiyoweza kupanda, Afrika Mashariki ina alama ya Kilimohai, inayoendana na kiwango cha kilimo hai kilichopitishwa mwaka 2007. Ni alama ya kuheshimiwa, lakini inakueleza zao lilivyolimwa, haikuelezi lilichumwa lini. Hilo bado ni juu ya pua yako na vidole vyako.

Njia ya haraka ya kujifunza ni hii: panda tuta moja la mchicha, uchume sehemu yake wiki ya 3, nyingine wiki ya 5, nyingine ukishatoa maua. Pika kila sehemu peke yake, kwa chumvi na kitunguu tu, bila nazi ya kuficha kitu. Andika daftarini tarehe na ulichoonja. Fanya hivyo kwa bamia, kisha nyanya. Msimu ukiisha utakuwa na kalenda ya udongo wako mwenyewe, na hiyo hakuna muuzaji anayeweza kukuuzia.