Utando wa mafuta na njia ya harufu

Mafuta ya samaki yakimwagwa baharini, viwimbi hufa papo hapo na utando laini hutanda. Benjamin Franklin alilijaribu jambo hili kwenye bwawa la Clapham, London, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1774: mafuta yasiyozidi kijiko cha chai yalituliza maji ya eneo la karibu nusu ekari. Mvuvi wa mshipi akiuona utando kama huo nyuma ya chombo, huamini kwamba samaki ameshaitwa. Imani hiyo ni kweli nusu tu.

Samaki hunusa kile kilichoyeyuka majini. Maji hupita katika matundu ya pua yake yakiwa yamebeba asidi amino zilizovuja kutoka kwenye nyama, damu na utumbo, naye huzifuata mpaka kwenye chanzo. Mafuta hayayeyuki. Tena lita moja ya mafuta ya samaki ina gramu 920 hivi, ilhali lita ya maji ya bahari ina gramu 1,025. Ukiyamimina juu, yatabaki juu, na wa kwanza kufika watakuwa ndege wa baharini, si changu aliye kwenye mwamba pima 15 chini.

Wavuvi wa papa wa pwani ya mashariki ya Marekani walilitatua tatizo hili bila maneno mengi. Humsaga menhaden, samaki wa jamii ya heringi mwenye mafuta mengi sana, wakamgandisha ndani ya ndoo, kisha wakaitundika ndoo yenye matundu ubavuni mwa boti. Barafu ikiyeyuka, vipande, damu na mafuta hutoka pamoja, kidogo kidogo. Kazi yenyewe iko hapa: kipande kinapozama huachia matone ya mafuta yanayopanda, na matone hayo hukatiza kila tabaka la maji. Harufu inakuwa ukuta kutoka chini hadi juu.

Montauk, jimbo la New York, ndiko nahodha Frank Mundus alikojipatia jina kwa uvuvi huo. Mwaka 1986 yeye na Donnie Braddick walimnasa papa mweupe wa zaidi ya kilo 1,500. Papa huyo alikutwa kwenye mzoga wa nyangumi, uliokuwa ukivuja mafuta, damu na nyama kwa pamoja.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kusahau upepo. Utando wa juu husukumwa na upepo kwa kasi ya takriban asilimia 3 ya kasi ya upepo wenyewe, juu ya ule mwendo unaopewa na mkondo. Upepo wa kilomita 20 kwa saa huuhamisha mita 600 hivi kwa saa. Harufu iliyoyeyuka chini haijui upepo, inafuata mkondo. Chombo kikiwa kimetia nanga, na kusi inavuma kwa nguvu kinyume cha maji yanayopwa polepole, utando unakwenda upande mmoja na njia ya harufu upande mwingine. Mvuvi anayetupa mshipi kwenye utando anavua mahali pasipo na samaki, huku anaowatafuta wakipanda mkondo upande wa pili. Tazama kamba ya nanga na jinsi mshipi wenye chubwi unavyolala, usitazame utando.

Waingereza wanaovua samaki aitwaye kapu (carp) hupunguza mafuta kwenye chambo wakati wa baridi kwa sababu huwa mazito na hayasambai. Bahari yetu ni ya joto mwaka mzima, kwa hiyo hatuna shida hiyo. Mafuta nayo hayakuwa mageni kwetu: mbao za majahazi zimepakwa sifa, mafuta ya ini la papa, tangu zamani. Yafaa kuyatumia kwa akili. Kwa samaki wa chini, changanya mafuta kidogo na vibua waliopondwa pamoja na mchanga, finyanga donge, uliteremshe upande mkondo unakotoka. Punje za mchanga huyashusha mafuta, nayo huachiliwa taratibu donge linapovunjika. Usiache pengo kati ya donge na donge, maana njia ikikatika, samaki hupotea.

Na kama fedha ni ya kuchagua kati ya chupa ya mafuta na kilo mbili za vibua wabichi, nunua vibua. Mafuta yao wenyewe yanatosha.