Muyaka, Sikujua na Tanbihi: Suala la Vyanzo katika Uhakiki wa Ushairi wa Kiswahili

Mhakiki wa ushairi wa Kiswahili anaponukuu beti za Muyaka bin Haji, aghalabu huandika katika mabano "Hichens 1940", kisha akaendelea na hoja yake. Desturi hii imezoeleka mno hata haimshangazi mtu. Hata hivyo, Muyaka alifariki Mombasa yapata mwaka 1840, na diwani iliyohaririwa na William Hichens ilichapishwa Johannesburg na Chuo Kikuu cha Witwatersrand miaka mia moja baadaye. Msomaji mgeni akiufuata ule mwaka na lile jina, hatapata fununu yoyote ya njia yaliyopitia maneno hayo tangu kutoka kinywani mwa mshairi hadi kufika mtamboni. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kasoro hii si ya adabu ya uandishi peke yake, bali huugusa uhakiki wenyewe.

Beti za Muyaka zilihifadhiwa kwa muda mrefu katika kumbukumbu za watu wa Mombasa. Ilipofika miaka ya 1880, W. E. Taylor, mmisionari wa Kiingereza, alianza kuzikusanya. Hakuzikusanya peke yake. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni wa mji huo na mshairi kwa haki yake, ndiye aliyemsaidia kuzipata, kuziandika na kuzifahamu. Karatasi za Taylor hatimaye ziliingia katika maktaba ya Chuo cha Mafunzo ya Mashariki na Afrika, London. Hichens aliitegemea kazi hiyo ya Taylor na Sikujua. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz naye alichapisha Nairobi kitabu chake juu ya Muyaka, akiziambatanisha beti na tafsiri na maelezo. Mnyororo huu una pete nyingi: mshairi, waliohifadhi, mwandishi, mkusanyaji, mhariri, mchambuzi. Tanbihi ya kawaida hubakiza pete moja, nayo si ya Mombasa.

Pengine mtu atauliza, je, kuna hasara gani iwapo maneno ni yale yale? Hapo ndipo penye shaka. Hati za Kiarabu za kimapokeo, ambazo kwazo Waswahili waliandika tungo zao kwa karne kadhaa, hazikuwa zikitenganisha sauti zote za Kiswahili. Kasra ilitumika kwa "i" na kwa "e". Dhuma ilitumika kwa "u" na kwa "o". Tena "nd" mara nyingi iliandikwa kwa dali tupu. Kwa hati za namna hiyo, "penda" na "pinda" huweza kuandikwa sawasawa, na anayeamua ni yule anayesoma. Katika ubeti wa mapenzi au wa upinde uamuzi huo ni mwepesi. Katika ubeti wa fumbo si mwepesi hata kidogo, na Muyaka alikuwa bingwa wa mafumbo. Mhakiki anayejenga hoja nzima juu ya neno moja, akasema kwamba Muyaka alilichagua kwa makusudi, hana budi kujiuliza kwanza ni nani aliyelitia neno hilo irabu zake.

Zaidi ya maneno kuna sababu za kutungwa. Tungo nyingi za Muyaka ni za majibizano, na nyingine zimefungamana na siasa za Mombasa ya Wamazrui iliyokuwa ikishindana na Sayyid Said wa Oman. Shairi la namna hiyo halifahamiki bila kisa chake, na kisa hakimo ndani ya shairi. Kilipokewa kwa wazee na wajuzi. Basi izingatiwe kwamba utawala wa Wamazrui ulikuwa umevunjika tangu mwaka 1837. Taylor alipoanza kukusanya, Mombasa ilikuwa chini ya ukoo ule ule ambao mshairi aliupinga. Je, msimulizi katika mji wa namna hiyo alisema yote aliyoyajua? Alipunguza? Aliongeza ili kuutukuza mji wake? Hakuna ulazima wa kumshuku, ila kuna ulazima wa kumtaja, kwa kuwa maelezo yasiyo na msemaji hayawezi kupimwa. Uhakiki unapoandika tu kwamba shairi fulani "lilitungwa wakati wa vita", ushuhuda wa mtu unageuzwa kuwa tukio lililothibitishwa.

Wapo wanaodai kwamba tanbihi na orodha za marejeo ni mambo ya Wazungu, na kwamba mwandishi wa Kiafrika huyatii kwa sababu tu ya mitihani na shahada. Dai hili ni dhaifu. Mwanachuoni wa pwani aliyesoma hadithi za Mtume alifunzwa sanadi kabla ya matini: fulani alipokea kwa fulani, naye kwa fulani, na pete ikiwa mbovu hadithi hudhoofika. Watunzi wa tenzi nao walizoea kufunga tungo kwa kutaja majina yao, na wengine tarehe na hesabu ya beti. Kwa kweli mtindo wa mwandishi na mwaka katika mabano ndio ulio maskini mbele ya sanadi, maana umebuniwa kwa ajili ya vitabu vinavyozaliwa mtamboni.

Umaskini huo huonekana hata katika majina. Kanuni inayodai jina la mwisho litangulie humgeuza mshairi kuwa "al-Ghassaniy, M.", kana kwamba nisba ya kabila ni jina la ukoo la Kiingereza. Hapana mtu wa Mombasa aliyepata kumwita hivyo.

Abdulaziz hawezi kulaumiwa kwa usahaulifu huu. Yeye anaieleza kazi ya Sikujua. Wanaostahili lawama ni wale wanaonukuu beti kutoka katika kurasa zake na kuuruka utangulizi. Hali kadhalika kwa Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi na mchongaji, aliyewanakilia miswada Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann: mkono wake umo katika sehemu kubwa ya yanayojulikana leo juu ya tenzi, lakini katika orodha nyingi za marejeo jina lake halionekani isipokuwa pale alipotunga mwenyewe.

Marekebisho yake si ya gharama. Katika tanbihi ya kwanza mhakiki aandike: Muyaka bin Haji, kwa mapokezi ya watu wa Mombasa, kwa msaada wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, katika mkusanyo wa Taylor, ndipo afuatishe chapa aliyoitumia na ukurasa wake. Na katika orodha ya marejeo, Muyaka awekwe chini ya herufi M, na Sikujua chini ya S.