Manowari Iliyotambuliwa Kisha Ikaachwa Ilipozama

Huku Gonja, katika milima ya Upare, anayesafisha ndiva, yaani bwawa la maji ya kumwagilia, baada ya miaka mingi huweza kukuta gogo limezama kwenye tope. Likiwa limelowa, huonekana zito na zima, na mwenye nalo husema hili litafaa kizingiti. Likianikwa juani, siku si nyingi hupasuka, hujikunja na kuwa jepesi kama bua la mahindi. Anayejua tabia ya gogo hilo ataelewa uamuzi uliofanywa Mombasa miaka zaidi ya 40 iliyopita kuhusu meli iliyozama.

Chombo chenyewe ni Santo António de Tanná, manowari ya matanga ya Wareno yenye mizinga 42, iliyoundwa Bassein, India. Ilitumwa kutoka Goa kuinusuru ngome ya Fort Jesus, iliyozingirwa na Waomani tangu Machi 1696. Mwaka 1697 ilipanda mwamba, usukani ukaharibika, ikazama mbele ya ngome hiyo hiyo. Ngome nayo ilianguka Desemba 1698. Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani.

Wapiga mbizi waliyaona mabaki yake miaka ya 1960. Kati ya 1977 na 1980 Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wataalamu wa akiolojia ya majini, wakiongozwa na Robin Piercy, waliyachimba.

Je, chombo kisicho na jina ubavuni hutambuliwaje? Kwanza mbao. Msaji huashiria viwanda vya meli vya India, kwa kuwa Ulaya walizoea mwaloni. Lakini msaji peke yake hautoshi, maana vyombo vya Waarabu pia viliundwa kwa msaji. Pili ni vilivyomo: vyombo vya udongo vya Kireno hukaribia zaidi kumtaja mwenye meli, ingawa navyo huweza kubebwa na mfanyabiashara yeyote. Tatu ni mahali pa kuzama. Nne ni maandishi ya Wareno kuhusu mzingiro wa ngome, yanayotaja manowari gani ilipotea na ilipotelea wapi. Kila ushahidi ukiwa peke yake una mwanya. Ukiupanga pamoja, jina linalobaki ni moja.

Likaja swali la pili: itolewe? Katika bahari ya joto kama hiyo, wadudu hutoboa na kula kila ubao ulio wazi. Uliosalimika ni upande wa chini uliofunikwa na matope. Hata huo, bakteria wamezila na kuzidhoofisha kuta za seli za mti, na maji ndiyo yanayoshikilia umbo lake. Yakikauka ghafla, kuta hizo huporomoka, kama gogo la ndiva.

Dawa ipo, ila ni ndefu. Sweden iliitoa manowari Vasa mwaka 1961, katika bahari isiyo na wadudu hao, ikiwa karibu nzima. Ilinyunyiziwa kemikali ya polietileni glikoli kwa miaka 17, kuanzia 1962 hadi 1979, ili kemikali ichukue nafasi ya maji polepole. Ndipo kazi ya kuikausha ikafuata. Kufanya hivyo Mombasa kungekuwa kugharimia sakafu ya meli kana kwamba ni meli nzima. Kwa hiyo mbao zilipimwa, zikachorwa, zikafunikwa tena. Vitu vilivyotolewa vilitibiwa na kuhifadhiwa Fort Jesus. Mwaka 2001, mkataba wa UNESCO wa urithi wa chini ya maji ulitaka kuhifadhi mahali pake pafikiriwe kwanza kabla ya njia nyingine.

Kwa jahazi lililotelekezwa ufukweni Pangani, ambako maji ya milima yetu huishia, hesabu ni nyingine. Jahazi huundwa ili mbao zake ziweze kubadilishwa. Fundi huchokoa mkuku na mataruma kwa ncha ya kisu. Kisu kikigoma na mkuku ukiwa umenyooka, chombo kinastahili mbao mpya na kalafati. Kisu kikizama, au mkuku ukiwa umepinda, hapo si kukarabati tena, ni kuunda chombo kipya kwa jina la zamani.

Hata hivyo usikichome kuni siku hiyo. Kwanza kipime urefu na upana, chora hanamu na tezi yake, na umuulize mzee aliyekiendesha kiliundwa wapi. Mombasa iliziacha mbao chini ya maji, lakini haikuacha vipimo vyake.