Mwongo Aliyechora Farasi wa Kweli

Katika maisha yangu yote Goma, sijawahi kupishana na farasi njiani. Nimepishana na mbuzi, na ng'ombe wa Masisi wanaoshushwa kwenda kuchinjwa, na pikipiki zisizohesabika, na chukudu. Farasi nilimjua kwenye karatasi. Wa kwanza alikuwa Jolly Jumper, yule mweupe wa Lucky Luke, ambaye Mbelgiji Morris alianza kumchora mwaka 1946 na ambaye albamu zake zilipita mikono mingi shuleni kwetu mpaka zikapoteza majalada. Jolly Jumper hucheza sataranji na kumkejeli bwana wake. Tulimpenda sana, ila hakuna kati yetu aliyewahi kufikiri kwamba anatoa jasho.

Wa pili nilimpata Birere, katika lundo la vitabu vya mitumba: Smoky the Cowhorse, maandishi na michoro vyote vya mkono mmoja, mkono wa Will James. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, kwa hiyo nilianza na picha, na kwenye picha nikakaa wiki nzima kabla ya kugusa maneno.

Chukua zile anazomwonyesha farasi akimkataa mpandaji. Mgongo umejikunja juu kama upinde, kichwa kimezama kati ya miguu ya mbele, kwato zote nne zimeacha ardhi. Kiwiliwili kimejinyonga, mabega yanaelekea huku na kiuno kule, kama kitambaa kinachokamuliwa maji. Mpandaji ameegemea nyuma, mkono mmoja umeshika kamba, wa pili unatafuta hewa. Chini kuna mistari michache ya vumbi, na basi. Milima, mawingu, nyasi, vyote ameviacha. Karatasi nyeupe inatosha kuwa uwanda, maana mtu aliye juu ya mnyama wa namna hiyo haangalii mandhari.

Kilichonishangaza ni uzito. Wachoraji wengi wakimrusha farasi hewani humfanya mwepesi, kama aliyening'inizwa kwa uzi. Farasi wa James ana uzito hata akiwa juu. Unaona kwamba atatua, unajua atatua kwa mguu upi, na kiuno chako mwenyewe kinajikaza kikisubiri kishindo. Kwa muda mrefu mabingwa wa Ulaya walimchora farasi anayekimbia akiwa amenyoosha miguu ya mbele mbele na ya nyuma nyuma, mpaka mwaka 1878 Eadweard Muybridge alipompiga picha kwa mfululizo huko California, na ikaonekana kwamba kwato zote huacha ardhi wakati miguu imekunjwa chini ya tumbo. James hakuhitaji kamera imwambie hivyo. Alikuwa ameshaanguka mara nyingi.

Kuanguka ndiko kulikomfanya aishi kwa kuchora. Mwaka 1919, karibu na Reno, jimbo la Nevada, farasi mmoja mkorofi alimtupa vibaya, akaumia kichwa. Kazi ya kufunda farasi wakali ikawa haiwezekani tena, akabaki na penseli. Alikaa darasani kidogo tu huko San Francisco, katika shule ya sanaa, na mwaka 1920 michoro yake ikaanza kununuliwa na jarida la Sunset. Miaka mitatu baadaye jarida la Scribner's likachapa makala yake ya kwanza, juu ya farasi wanaorusha watu na watu wanaorushwa. Smoky alitoka mwaka 1926, na mwaka uliofuata akapata medali ya Newbery, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto Marekani.

Nikiwa bado na kitabu hicho mkononi nilikwenda kumtazama fundi mmoja wa chukudu kando ya barabara inayopanda Kibumba. Kwa msomaji asiyeijua: chukudu ni baiskeli ya mbao isiyo na pedeli wala kiti, imechongwa kwa mkaratusi na miti mingine migumu, magurudumu yake mawili ya mbao yamevikwa mpira wa tairi kuukuu. Mwenyewe hupiga goti moja juu ya ubao, akasukuma ardhi kwa mguu wa pili, na kwenye mteremko hupanda kabisa na kuiachia, huku amebeba magunia ya makaa, viazi, kabichi au mbao hadi mjini. Breki ni kipande cha mpira kinachokanyagwa juu ya gurudumu la nyuma. Miaka ya vita, wakati vijiji vizima vilipokuwa vikikimbilia Goma, ni chukudu iliyobeba magodoro na bibi wasioweza kutembea.

Fundi yule hakuwa na karatasi ya vipimo. Alikuwa na panga, tezo na patasi, na alikuwa akichonga ule mti mmoja mrefu unaobeba kila kitu. Kila baada ya muda aliacha kuchonga, akaulaza chini, akaupigia goti kama anayetaka kuondoka nao, akainuka, akapunguza utepe mwembamba wa mbao upande mmoja. Nikamuuliza: “Papa, unajuaje kama umefika?” Akanijibu bila kuinua kichwa: “Macho inaweza kosea, mwana. Goti njo itakuambia, ku mutelemuko ya Kibumba.”

Basi. Sijasoma kwa mhakiki yeyote maelezo mazuri kuliko hayo juu ya michoro ya Will James. Mstari wake haukutoka jichoni. Ulipitia kwanza kwenye mapaja, uti wa mgongo na kiganja kilichochunwa na kamba, ndipo ukafika kwenye penseli.

Maneno nayo. Kwa kamusi na kwa subira nilisoma, na ule polepole wa kulazimika ukanifaa, kwa sababu kitabu chenyewe kinakwenda polepole. Hadithi inaanza na mtoto wa farasi, rangi ya panya, aliyezaliwa porini, akijaribu kusimama juu ya miguu mirefu asiyojua aiweke wapi. Mwandishi mwingine angemsimamisha kwa sentensi moja, tuendelee na mbio. James anamwacha ahangaike. Vivyo hivyo Clint, kauboi atakayemfunda: kurasa nyingi zinapita kabla hajampanda. Kwanza farasi anazoea kuwapo kwa mtu, kisha kamba, kisha kuguswa, kisha uzito wa tandiko mgongoni. Hakuna hatua inayorukwa, na hakuna inayopambwa. Mwishoni unajua kazi ile inafanywaje, nawe hukuona mahali ulipofundishwa.

Na farasi hasemi. Sisi tumelelewa na sungura mjanja na fisi mlafi, wanyama wenye ndimi kali kuliko wazee wa baraza, kwa hiyo jambo hili lilinichukua muda kulielewa. Mwingereza Anna Sewell, katika Black Beauty ya mwaka 1877, alimpa farasi ulimi asimulie maisha yake mwenyewe, na kitabu kile kimeliza dunia. James alikataa njia hiyo. Anatueleza anachosikia Smoky, anachonusa, anachokumbuka, anachoogopa, lakini kila mara kwa kipimo cha mnyama. Anapoibwa, anapopigwa mpaka moyo wake unageuka kuwa chuki, anapokuwa farasi wa rodeo anayetisha watu na kupewa jina jipya la Cougar, anapozeeka na kuvutishwa gari na mtu katili, haombolezi hata neno moja. Uombolezaji wote umeachiwa msomaji. Hesabu hiyo ni ya fundi: ukimpa mnyama ulimi, unampunguzia msomaji kazi, na pengine unampunguzia pia maumivu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonigusa zaidi kama mtu wa Goma. Will James aliandika Kiingereza kibovu. Vitenzi vyake havipatani na viima, tahajia yake ni ya kusikia, sentensi zinakwenda kama mtu anayesimulia kando ya moto huku akitafuta kiberiti. Huko Scribner's mhariri wake alikuwa Maxwell Perkins, yule yule wa Hemingway na Fitzgerald, na nyumba ile ikaiacha lugha ya machungani ibaki ya machungani. Medali ikaja hivyo hivyo, na makosa yake.

Wangapi hapa kwetu tumefundishwa kwamba Kiswahili chetu si cha kuandikwa? Tunasema “iko”, tunasema “njo”, tunasema “anakuyaka”, na tukishika kalamu tunakimbilia Kifaransa, au Kiswahili sanifu kama hiki ninachoandika sasa, nami najiona. Hata hivyo mfano tunao katika nchi hii hii. Lubumbashi, miaka ya 1970, Tshibumba Kanda Matulu alichora historia yote ya nchi katika picha zipatazo mia moja, na akamsimulia mwanaanthropolojia Johannes Fabian kila picha kwa Kiswahili cha Shaba, na makosa yetu yote matukufu. Kitabu cha Fabian chenye picha hizo kilitoka mwaka 1996. Mkono mmoja, picha na maneno, kama James. Tofauti ni kwamba James alipata mhariri na umaarufu, na Tshibumba alipotea machoni mwa watu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kiingereza kile kibovu cha James kilikuwa na siri yake. James alidai Kiingereza ndicho alichozaliwa nacho, mtoto wa Montana, yatima aliyelelewa na mwindaji Mfaransa wa Kanada. Hivyo ndivyo alivyoandika mwaka 1930 katika Lone Cowboy, kitabu alichokiita maisha yake. Ulikuwa uongo mtupu. Jina lake lilikuwa Ernest Dufault, amezaliwa tarehe 6 Juni 1892 huko Saint-Nazaire-d'Acton, Québec, mtoto wa familia yenye baba, mama na ndugu, na lugha ya nyumbani ilikuwa Kifaransa. Akiwa na miaka kumi na mitano hivi alipanda treni kwenda magharibi. Akajifunza kazi, akajifunza lugha, akabadili jina. Akaiba ng'ombe Nevada, akafungwa kati ya mwaka 1915 na 1916, na gerezani akachora. Ukweli wa kuzaliwa kwake ulichapwa mwaka 1967 na mwandishi Anthony Amaral, robo karne baada ya pombe kumuua James huko Hollywood, Septemba 1942, akiwa na miaka hamsini.

Mkongomani hana haraka ya kumcheka. Miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville walitoka kwenye sinema za Buffalo Bill wakajiita Bills, wakafunga vitambaa shingoni, wakaipa mitaa yao majina ya Magharibi ya Marekani na kubuni lugha yao, Hindoubill. Nao hawakuwa na farasi. Mtu kujitungia ukauboi kwa Kifaransa na kwa njaa ya kuwa mwingine, hilo tunalielewa. Ila Bills walivaa tu, James alilipa kwa mifupa. Ndiyo maana nasema alidanganya kuhusu kila kitu isipokuwa farasi. Kwenye maisha yake aliongeza chumvi mpaka chakula kikaharibika. Kwenye mguu wa nyuma wa Smoky hakuongeza hata mstari mmoja.

Nisimsafishe kupita kiasi. Mwizi wa Smoky, yule anayempiga, amechorwa kama chotara mwenye ngozi nyeusi, na weusi wake umefanywa sehemu ya ubaya wake. Nilipofika hapo nilifunga kitabu, nikatoka nje. Mtu aliyekuwa na subira ya kurasa na kurasa kwa ajili ya woga wa farasi alishindwa kumpa binadamu huyo hata ukurasa mmoja wa haki. Ni doa la fundi vilevile, si la maadili peke yake: huyo ndiye mhusika mmoja asiye na uzito katika kitabu kizima. Amechorwa na mtu ambaye hakuwahi kumpigia goti.

Goma tuna sanamu ya chukudu katikati ya mzunguko wa barabara, imepakwa rangi ya dhahabu, na ni heshima iliyostahili. Lakini sanamu imesimama, na chukudu iliyosimama ni mbao tu. Ninachokitaka ni mwendo: gunia la tatu likianza kuegemea upande, kisigino kikitafuta ule mpira wa breki kwenye kona, goti juu ya kipande cha ndala kilichopigiliwa misumari, uso wa mtu asiyejua bado kama lori linalopanda litampisha. Tunao wachoraji mjini hapa, wengi na hodari. Ndugu yangu mwenye penseli, kabla hujachora hiyo, omba kwanza kuishusha moja kutoka Kibumba, yenye mzigo. Kisha andika maneno ya chini ya picha kwa Kiswahili unachotumia kugombana nyumbani, na mhariri akitaka kukurekebishia “njo”, mkatalie.