MGANGA MKUU KATIKA NCHI YA DHAHABU
Uhakiki wa kitabu cha Healey na Sybertz, kwa ajili ya malezi ya watumishi wa Kanisa

Utangulizi

Kitabu Towards an African Narrative Theology, cha mapadre Joseph Healey na Donald Sybertz wa Shirika la Maryknoll, kilitolewa Nairobi na Paulines Publications Africa mwaka 1996. Kabla yake waandishi hao walikwisha kutoa kwa Kiswahili Kueneza Injili kwa Methali (Peramiho, 1984). Padre Sybertz alitumika miaka mingi katika Jimbo Katoliki la Shinyanga, na sehemu kubwa ya kazi yao imechotwa katika hekima ya Wasukuma. Kwa hiyo chuo chochote kinachoandaa watumishi kwa ajili ya Shinyanga, Kahama na Geita hakiwezi kukipita kitabu hiki. Katika makala hii tunakusudia kuuliza swali moja: je, mwanafunzi wa theolojia akikipokea kitabu hiki kama kilivyo, atakuwa ameandaliwa kwa utumishi unaomngoja huko?

Mema ya kitabu

Jambo la kwanza la kusifiwa ni njia waliyoifuata waandishi. Hawakuketi maktabani na kuitafutia Afrika theolojia. Walikaa na watu, wakakusanya methali, vitendawili na hadithi, kisha wakauliza Injili inakutana wapi na hekima hiyo. Vyuo vyetu vimezoea njia iliyo kinyume. Mwanafunzi hufundishwa mafundisho ya imani kwa mpangilio uliotoka Ujerumani, Marekani au nchi za Skandinavia, na mwaka wa mwisho huambiwa ayapeleke kijijini kama mtu apelekaye mzigo uliokwisha kufungwa. Healey na Sybertz wanatufundisha kwamba kusikiliza ni sehemu ya theolojia yenyewe, wala si maandalizi yake tu.

Jambo la pili ni matumizi ya hadithi ya Masala Kulangwa. Zimwi Shing'weng'we aliwameza watu wote, akasalia mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Mwana aliyezaliwa alikua, akamwua zimwi, akalipasua tumbo lake, na watu wakatoka wakiwa hai. Mhubiri yeyote wa Pasaka ataona mara moja kwa nini hadithi hii inamfaa. Lakini katika masimulizi yaliyoenea kuna sehemu inayostahili uzito zaidi. Masala alipokuwa akilipasua tumbo, alimkata sikio bibi kizee mmoja. Bibi huyo alikasirika, akataka kumroga. Masala hakumwua. Alitafuta dawa, akamponya.

Hapo ndipo hadithi inapoihukumu Shinyanga yenyewe. Kwa miaka mingi, katika nchi ya Usukuma, wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na mara nyingine ushahidi pekee ulikuwa macho mekundu, ambayo kwa kweli yameletwa na moshi wa jikoni. Mwinjilisti aijuaye hadithi hii hadi mwisho wake anayo silaha ambayo hotuba ya mkuu wa wilaya haina. Anaweza kuwauliza wazee wa ukoo: shujaa wenu mwenyewe alimfanyia nini bibi aliyetaka kumroga? Huu ni utajiri mkubwa, na waandishi wanastahili shukrani kwa kuuweka mikononi mwetu.

Jina la Mganga

Ugumu unaanza katika mafundisho juu ya Kristo. Miongoni mwa majina yanayopendekezwa ni lile la Yesu kama Mpiga Ramli na Mganga Mkuu. Hatuwasingizii waandishi kwamba hawatofautishi mganga na mchawi. Katika mila, mfumu alikuwa mtu wa kurudisha afya na amani ya ukoo, na Injili zinamwonyesha Yesu akiponya. Nia yao ni njema. Hata hivyo jina halikai hewani. Huishi katika masikio ya watu wa mahali na wakati fulani.

Tuangalie basi mahali penyewe. Almasi ya Mwadui ilijulikana tangu mwaka 1940, lakini tangu mwisho wa miaka ya 1980, biashara ya madini ilipolegezwa, wachimbaji wadogo walimiminika kwa wingi katika maeneo ya dhahabu kama Nyarugusu na Rwamagasa. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Katika duara moja hukutana Msukuma, Mzinza, Muha, Mhaya na Mkurya, kila mmoja akiwa mbali na mji wa wazee wake. Mganga wa machimbo hawatumikii tena watu wa ukoo mmoja wanaomjua na wanaoweza kumkemea. Anamwuzia mgeni bahati.

Tangu mwaka 2007 taifa lilianza kusikia habari za mauaji ya watu wenye ualbino, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Mwaka 2010 watafiti Bryceson, Jønsson na Sherrington waliandika juu ya uhusiano wa mauaji hayo na hirizi ambazo waganga huwapa wachimbaji. Mwezi Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Mwezi uliofuata mtoto mchanga mwenye ualbino aliporwa kutoka mikononi mwa mama yake katika Wilaya ya Chato, akauawa.

Waganga wengi hawana damu mikononi, na si haki kuwahukumu wote. Lakini mama wa mtoto mwenye ualbino aketiye katika ibada atasikia nini, mchungaji anapomtangaza Kristo kuwa Mpiga Ramli Mkuu? Na mchimbaji aliyetoka kwa mganga jana usiku atasikia nini? Tunachelea kwamba atasikia kuwa Kanisa nalo linayo dawa ya dhahabu, tena yenye nguvu zaidi.

Msalaba kama kipimo

Upungufu huu hautibiwi kwa kuzitupa methali na kurudi kwenye vitabu vya Ulaya. Unatibiwa kwa kipimo ambacho Walutheri tumekabidhiwa. Katika hoja za Heidelberg za mwaka 1518, Luther alimtenga mwanatheolojia wa utukufu na mwanatheolojia wa msalaba, ambaye huliita jambo kama lilivyo. Katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529 alifundisha kwamba kile ambacho moyo wa mtu hukitegemea ndicho mungu wake, na mali aliitaja hapo kwanza. Mafundisho hayo mawili yanafaa katika duara la Geita kuliko yanavyofaa katika chumba cha mtihani.

Tena, Matendo ya Mitume sura ya 16 inatuwekea mfano kamili. Huko Filipi kijakazi mwenye pepo wa uaguzi aliwapatia bwana zake faida nyingi. Paulo hakuuchukua uaguzi ule autumie kwa Injili. Alimfungua yule msichana, faida ikakoma, naye na Sila wakapigwa na kutiwa gerezani. Uponyaji wa Kristo humweka huru mtu anayetumiwa kwa faida ya wengine, na mtumishi hulipa gharama yake. Jina lolote tunalompa Kristo lisipoweza kubeba habari hii, halitoshi.

Hatari iliyo karibu zaidi imo ndani ya nyumba yetu. Kristo akiwa Mganga Mkuu bila msalaba, mchungaji huwa mganga mdogo. Mwenye duara humwalika abariki shimo, kisha huleta sadaka nono dhahabu ikipatikana. Isipopatikana, hutafutwa mchungaji mwingine mwenye mafuta ya upako. Mchungaji aliyezoea malipo hayo hawezi kusimama mimbarani na kumtetea mtoto mwenye ualbino au bibi mwenye macho mekundu.

Hitimisho

Tunapendekeza kitabu hiki kiendelee kusomwa vyuoni, lakini kisomwe pamoja na machimbo. Mwanafunzi anayepelekwa Kahama au Geita kwa mazoezi ya vitendo aandike hadithi anazozisikia penye karasha na katika nyumba za wageni, kama waandishi hawa walivyoandika za kijijini. Akae chini ya mwinjilisti wa mtaa, maana huyo ndiye anayeitwa kwanza mtu akifukiwa shimoni. Na kila jina la Kristo analolipendekeza alijaribu kwa swali moja: je, aliye dhaifu kuliko wote katika usharika huu akilisikia, atapata kimbilio au ataogopa? Healey na Sybertz walitufundisha kusikiliza. Kazi iliyobaki kwa vyuo vyetu ni kuwasikiliza pia wale ambao, hadithi zinaposimuliwa, hukaa nyuma kabisa.