Mwanasesere Hana Mifupa

Miongoni mwa karatasi zinazopita mkono kwa mkono baina ya walimu wa shule za msingi, imo ile inayofundisha kuchora katuni ya mwanasesere wa matambara, hatua kwa hatua. Nasi hapa Dranya, wilayani Koboko, tuliitumia katika kipindi cha Kiswahili, kwani tuliiona yafaa kufundishia vitenzi vya kuamuru: chora, unganisha, futa, paka rangi. Katika makala haya twakusudia kuihakiki karatasi hiyo, na pamoja nayo kujihakiki wenyewe.

Mpangilio wake ni huu. Kwanza, duara la kichwa lenye mistari miwili iliyokatizana, ili kuonyesha mahali pa macho na pua. Pili, kiwiliwili chenye umbo la gunia. Tatu, mikono na miguu, pande zote mbili sawasawa. Nne, macho ya vifungo, pua ya pembetatu na nywele za nyuzi nyekundu. Mwisho, kufuta mistari ya msaada. Sura hiyo yatukumbusha Raggedy Ann, mwanasesere ambaye mchoraji wa Marekani, Johnny Gruelle, alimpatia hataza mwaka 1915, na kumtolea kitabu cha hadithi mwaka 1918.

Tusiionee karatasi hiyo. Yaigawa kazi kubwa katika vipande vidogo, hata mtoto mwoga akapata pa kuanzia. Tena maneno kama kwanza, kisha, halafu na hatimaye huingia akilini upesi, kwa kuwa mkono unatenda yale ambayo sikio linasikia.

Lakini dosari zake ni mbili. Ya kwanza ni ya sanaa. Mistari iliyonyooka na viungo vilivyo sawa humfaa askari wa gwaride, si tambara lililoshonwa. Kitambaa hukunjika popote. Kichwa huinama kwa uzito wake. Mkono huning'inia kutoka kwenye mshono wa bega. Mchoraji angeanza na mstari mmoja uliopinda, unaoonyesha namna mwanasesere alivyokaa, ndipo aweke duara la kichwa juu yake. Ya pili ni ya malezi: karatasi yamwambia mtoto achore, lakini haimwambii atazame.

Dosari hiyo ya pili tulionyeshwa na mwanafunzi. Msichana mmoja alichora mwanasesere asiye na nywele, aliyefungwa kichwani kipande cha kitenge, ameegemea ukuta, mguu mmoja mfupi kuliko wa pili. Tukampa alama tatu katika kumi, kwa kuwa hakufuata hatua. Akasema kwa adabu, "Mwalimu, huyu wangu hawezi kukaa wima. Hana mifupa." Alikuwa amemchora mwanasesere aliyeshonewa nyumbani. Siku ya pili tuliifuta alama ile mbele ya darasa, tukamwomba atueleze mchoro wake. Alizungumza Kiswahili kirefu kuliko tulichopata kukisikia kwake muhula mzima.

Wachoraji wetu mashuhuri walilifahamu jambo hili. Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo, na Chakubanga wa Christian Gregory katika Uhuru, walipendwa kwa sababu wasomaji waliwatambua kuwa watu wa kwao.

Mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliunga mkono Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Haja ya zana ni kubwa, na mwenye haja hupokea chochote apewacho. Rai yetu kwa walimu wenzetu si kuitupa karatasi hiyo. Ianzwe na hatua moja isiyoandikwa humo: kila mtoto alete mwanasesere wake, amweke juu ya dawati, amtazame, na aseme anachokiona kabla ya kushika kalamu. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mcheza kwao hutunzwa.